Mawifi wa Darasa la Tatu B

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata daftari! Mgawo wa leo ulikuwa wa watoto wa shule, ukaletwa kwetu wazee kwa makosa. Daftari moja, penseli mbili, kichongeo, na kibegi cha mgongoni chenye picha ya twiga aliyevaa miwani. Mtu wa lori alitaka kurudisha yote, wazee wakamkatalia katakata. Sasa watu wenye mvi wanazunguka uwanjani na twiga mgongoni, na wamependeza.

Basi naandika. Miaka thelathini na moja nimepiga chapa maneno ya watu wengine — barua za mabosi, fomu, mihtasari ya vikao visivyo na kichwa wala miguu. Leo naandika yangu. Hakuna wa kunisahihisha. Raha!

Tupo Darasa la Tatu B, wiki ya tatu sasa tangu mapigano yafike mtaani kwetu tukatoka na tulichoweza kubeba. Wazee kumi na wawili, magodoro kumi na mawili, ubao, na jedwali la kuzidisha ukutani. Madawati ni ya watoto wa miaka tisa. Ukikaa, magoti yanagusa kidevu. Ukitaka kusimama, unaita watu wawili.

Godoro la pembeni yangu ni la wifi yangu. Dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Yeye sabini na nane, mimi sabini na moja. Tumekaa nyumba moja miaka arobaini na tatu. Mume wangu alikuwa katikati yetu; alipofariki, pale katikati pakabaki wazi, tukaendelea kugombana kupitia hapo.

Leo hajanisemesha. Bado ni ile habari ya kuku. Nitaieleza kesho, penseli imekatika.

Jumanne, 4 Machi

Kuku. Siku tuliyokimbia wifi alitoka na kuku wake mweusi kwapani, aliyempa jina Bibi Harusi. Tulipofika barabarani lori lilikuwa limejaa. Dereva akasema hana nafasi. Nikamchomoa kuku kwapani mwa wifi, nikampa dereva. Nafasi ikapatikana papo hapo!

Wifi macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Akadhani kuku amemponyoka. Angedhani hivyo mpaka kesho, ila mdomo wangu hauna mlango — nikamwambia mwenyewe, tena asubuhi ya kuandikishwa, tukiwa kwenye foleni. Akanyanyuka. Akapapasa kamba iliyotenganisha foleni, akaenda kusimama foleni ya pili.

Karani wa foleni yangu akaniuliza, kaya yenu watu wangapi? Nikasema mmoja. Kwa hasira. Na kwa tamaa pia, nisijidanganye humu ndani: nilikuwa nimeshaona kwamba kila kadi inatoka na ndoo yake na mablanketi mawili. Kadi mbili, ndoo mbili, mablanketi manne! Nikajiona mjanja wa mwaka. Ndoo zile pale, ya bluu na ya kijani.

Jumatano, 5 Machi

Leo tumegawiwa fimbo za kutembelea. Mpya, zinang'aa, na zote urefu mmoja! Aliyechukua vipimo nadhani alipima mzee mmoja tu, naye alikuwa mfupi. Mzee Redio akiitumia yake anaonekana anatafuta kitu kilichomdondoka. (Huyu ni mrefu kama mlingoti, alikimbia na redio isiyo na betri. Kila asubuhi anaiweka begani na kututangazia habari za darasa: nani amekohoa, nani ameota nini.) Fundi seremala wa Darasa la Nne A akaazima msumeno. Wafupi kabisa wakakatiwa, vipande vikaungwa kwenye fimbo za warefu. Kazi ya asubuhi moja. Tumecheka sana.

Wifi alipoulizwa kama anataka fimbo alisema hapana. Huanza na hapana kwa kila kitu, ndiyo maana darasa zima linamwita Bi Hapana. Baadaye akauliza — siyo mimi, aliiuliza hewa — kama hizo fimbo ni za mbao ya maana. Nikaenda kumchukulia moja. Hakusema ahsante. Ameilaza pembeni ya godoro.

Biskuti za leo unaweza kujengea nyumba. Tunazilowesha kwenye chai nusu saa. Meno ya darasa zima ukiyajumlisha hayatoshi kinywa cha mtu mmoja na nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Vyoo viko ng'ambo ya uwanja, hatua mia na kumi, nimehesabu. Ni vya kuchuchumaa. Kwa umri wetu kuchuchumaa ni rahisi. Kuinuka ndiyo rehema za Mungu. Jana bibi wa godoro la dirishani alikwama huko mpaka tukamfuata, akatuambia tusimshike, tuimbe tu apate nguvu. Tukaimba!

Leo nimeandika barua. Kichwa cha habari, kumbukumbu namba, aya tatu, sahihi na alama za vidole za wazee thelathini na nane wa madarasa yote. Tunaomba vishikio vya mkono chooni. Nikampelekea Kizibao mwenyewe — mama wa makamo anayesimamia msaada hapa, hatoki bila kizibao chake chenye mifuko kumi na miwili. Akanipa shikamoo, akasoma mara mbili. Akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kupewa barua yenye kumbukumbu namba. Nikarudi darasani nimenyooka kama nina miaka thelathini.

Jumapili, 9 Machi

Wifi amezungumza! Asubuhi, bila salamu: kwamba nakoroma. Nikamwambia hata yeye. Akasema yeye anapumua. Basi, amani imerudi.

Amekaa mlangoni kwenye jua, nimemsuka. Nywele zimebaki kidogo lakini kichwa bado kigumu.

Jumatatu, 10 Machi

Habari nzito. Kizibao ametukusanya uwanjani. Shule inafunguliwa tarehe 24, watoto wanarudi, sisi tuhame. Ni haki yao, madawati ni yao. Wenye ugonjwa wanaohitaji hospitali wataondoka na basi la kwanza, Jumatano ya wiki ijayo, kwenda mji wenye hospitali ya macho na mifupa. Watapokewa kwenye nyumba, watatibiwa. Wengine wote wataondoka siku ya pili yake kwenda kituo kipya kwenye viwanja vya maonyesho. Huko ni upande mwingine kabisa, safari ya siku nzima.

Akasoma majina. Wifi yupo basi la kwanza! Watamtoa mtoto wa jicho, yote mawili! Nikapiga kigelegele, uwanja mzima ukageuka. Wifi akasema hapana, halafu akauliza wanakata kwa kisu au kwa nini.

Nikangoja jina langu. Halikusomwa. Nikaenda kuuliza. Kizibao akatazama kompyuta yake ndogo: mgonjwa anaruhusiwa kwenda na watu wa kadi yake. Kadi ya bibi huyu ina mtu mmoja. Na yako, bibi, ina mtu mmoja.

Nimeziangalia zile ndoo mbili mchana kutwa. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi kwa Kizibao na mapema. Nimemweleza: huyu ni wifi yangu, tumekaa pamoja miaka arobaini na tatu, haoni, hawezi kwenda peke yake. Alinisikiliza vizuri, mama wa watu. Akafungua mahali pa kuandika uhusiano. Machaguo ni saba: mume, mke, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, mlezi wa mtoto, hakuna uhusiano.

Wifi hayumo!

Nikamwambia aandike kwenye "nyinginezo". Akasema haipo. Nimepiga chapa fomu miaka thelathini na moja, sijawahi kuona fomu isiyo na "nyinginezo"! Aliyeitunga hiyo hajawahi kukaa na watu. Nikauliza, sasa mume wangu akishafariki, dada yake anakuwa nani kwangu? Akasema kwa mujibu wa fomu — akasita, uso umemwiva kwa aibu — hakuna uhusiano.

Ameahidi kuuliza wakubwa wake. Amenishika mkono. Lakini mkono si kiti cha basi.

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya upumbavu. Mzee Redio alinishauri: wewe sema ni dada yako wa tumbo moja, nani atapima tumbo? Nikaenda kwa karani mwingine, kijana mwenye haraka zake, nikamwambia tulighafilika siku ile, huyu ni dada yangu.

Akabonyeza, akasoma kwa sauti. Kumbe siku ya kuandikishwa karani wa foleni ya pili alimwuliza wifi: yule mama uliyekuja naye ni nani wako? Na imeandikwa, neno kwa neno: "Simjui yule."

Simjui! Ndiyo shukrani ya punda! Nilimpikia miaka arobaini na tatu!

Na sasa nimeonekana mwongo. Kizibao ameitwa. Hakunigombeza, amesema tu bibi, umeniharibia, nilikuwa nimeshaanza kukutetea. Nimetamani ardhi ipasuke. Jambo letu limepelekwa kwenye kikao, Jumanne. Tutahojiwa kila mtu peke yake, kuona kama kweli tuliishi pamoja. Basi linaondoka kesho yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwuliza wifi ana kwa ana. Kwa nini ulisema hunijui? Akasema umemtoa kuku wangu. Nikamwambia kuku ndiye aliyetufikisha hapa! Akasema anajua. Halafu akasema niende zangu huko viwanja vya maonyesho, yeye atakwenda hospitali, atapumzika na kelele zangu, wana wauguzi huko.

Nimekunja mablanketi yote manne.

Nitaandika ukweli, daftari halina mdomo. Inaniuma. Naogopa kwenda peke yangu huko. Sina mtoto, sina mume. Mtu pekee aliyebaki duniani anayejua nilivyokuwa na miaka ishirini na minane ni huyu kizee asiyeniona. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi zimwi langu ndilo hili, na linaondoka Jumatano. Tena sijui hata kama linataka niende nalo.

Jumamosi, 15 Machi

Vishikio vimefika! Mabomba ya chuma, vyoo vyote sita, vimechimbiwa na saruji. Fundi seremala akavikagua, akavining'inilia kwa uzito wake wote, akatangaza vinafaa. Mzee Redio akatoa taarifa maalumu: raia waliokaa muda mrefu sasa wanaweza kusimama. Bibi wa dirishani alikuwa wa kwanza kuingia, tukamngoja nje wote. Alipotoka peke yake tulimpigia makofi kama bibi harusi. Akapunga mkono!

Kizibao amepiga picha barua yangu, anasema ataipeleka makao makuu wajifunze. Amenisamehe, nadhani. Akaninong'oneza: Jumanne, bibi, usiseme uongo hata wa chembe. Semeni kile mnachokijua tu.

Mchana nikataka tufanye mazoezi na wifi. Nimeandaa maswali ishirini, nimeyapanga kwa namba. Mlango wa nyumba yetu rangi gani? Mimi nalala upande gani? Akakataa. Anasema hana haja ya kufundishwa nyumba yake. Nikamwomba. Wifi, nakuomba. Sijawahi kumwomba kitu. Akageuza uso ukutani, akasema jua limezidi, nimsogeze kivulini.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemfungia mzigo wake. Magauni mawili, kanga, dawa, kibegi cha twiga. Ndoo ya kijani amesema hapana, baki nayo.



Jumanne, 18 Machi

Saa nne asubuhi. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, daftari gotini. Wifi ameitwa wa kwanza. Ndani wapo Kizibao, muuguzi, na bwana mmoja mwenye tai aliyetumwa na wakubwa. Wamenikataza kuingia. Kusikia hawajanikataza, na dirisha liko wazi. Naandika moja kwa moja, kama enzi za vikao.

Bwana Tai: bibi, siku ya kuandikishwa ulisema humjui mama huyu. Wifi: nilisema. Kwa nini? Wifi: siku ile nilikuwa sitaki kumjua.

Muuguzi amecheka. Bwana Tai hajacheka.

Anamwuliza mlango wa nyumba. Wifi: bluu, ila chini umebanduka kwa sababu huyu hufungua kwa teke, mikono imejaa. Dirisha la jikoni? Halifungi. Yeye hulala upande gani? Wifi: wa ukutani, na hukoroma. Ndiyo, andika, hukoroma!

Namshukuru sana.

Bwana Tai amemwambia aeleze tu, mama huyu ni mtu wa namna gani. Yesu na Maria, na malaika wote — ameanza! Anatia chumvi kabla ya kuonja. Akiudhika hukunja nguo zilizokwisha kunjwa. Barua ya mtu akiisoma lazima aikosoe. Husema hajali, halafu husikiliza madirishani, hata sasa yuko hapo nje anasikiliza.

Nimeinamisha kichwa. Bado anaendelea. Eti kila mwaka, siku aliyofariki mdogo wake, mume wangu, mimi huvaa shati la marehemu ndani ya gauni langu. Anadhani sijui, anasema. Macho yangu ndiyo mabovu. Pua ninayo.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote habari ya shati. Hata humu sijaiandika.

Kizibao ameuliza sasa, kwa upole: bibi, na wewe mwenyewe, unataka aende na wewe?

Nasubiri hapana yake.

Wifi: ile siku tulitembea kutoka nyumbani mpaka barabarani, saa tatu nzima. Watu wanakimbia, wananigonga, mimi sioni. Kunishika mkono hawezi, ana mzigo kichwani na mwingine mkononi. Basi akatangulia mbele, akawa ananitukana. Njia nzima. Kizee wewe, kuna shimo! Inua mguu, gogo wewe! Kushoto, mkaidi, kushoto! Koo lilimkauka, nilisikia, na hakunyamaza. Watu wakamwambia hana adabu. Mimi nilikuwa nafuata sauti tu. Sasa huko mtanipa muuguzi wa kunibembeleza. Nitamjuaje, kati ya watu wote? Nitajuaje nikanyage wapi?

Nalia. Mchana kweupe, kwenye benchi la watoto. Sikujua kama alijua. Hata mimi sikujua! Siku ile sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa naogopa, nikawa natukana tu.

Bwana Tai anagonga kalamu mezani, tik, tik. Amesema hii haimo kwenye fomu. Kizibao amemjibu kwamba ndiyo maana wamekuja. Amesema watamsikia na huyu wa nje, kisha wataamua, majina yatabandikwa saa kumi.

Mlango umefunguliwa. Wifi amefika kizingitini na fimbo yake. Hapa mbele kuna ngazi mbili, na ya chini imevunjika. Muuguzi amekuja kumshika mkono, wifi ameuondoa. Bwana Tai naye amesimama nyuma yao, anaangalia.

Hasogei. Ameinua kidevu, amegeuza sikio upande wangu, anangoja. Wote wananitazama. Na mimi nafungua mdomo, na tusi hata moja haliji —